Walipotuachia Stima Yote

Nilifundisha Fizikia miaka mingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, kwanza Ishiara, ambako jua linakausha hata mate mdomoni, kisha Embu mjini. Kama kuna somo ninaloweza kulifundisha nikiwa usingizini, ni lile la koili na sumaku. Unachukua waya wa shaba, unauzungusha kwenye fremu mara nyingi, unaiweka fremu katikati ya ncha mbili za sumaku, halafu unaizungusha. Basi. Umeme unatoka. Upande mmoja wa koili ukipanda, umeme unakwenda huku. Ukishuka, umeme unageuka na kurudi ulikotoka. Huku na huku, huku na huku, mradi kuna kitu kinachozungusha. Ukizungusha polepole unapata umeme mdogo, mvivu. Ukizungusha mbio unapata mkubwa, wenye hasira. Na ukitaka koili itulie na sumaku ndizo zizunguke, ni mamoja.

Wanafunzi waliandika, wakachora, wakapita mtihani au wakaanguka, wakasahau. Hata mimi nilikuwa nalisema tu kwa sababu liko kwenye silabasi. Miaka yangu ya mwisho kazini nikifika hapo ubaoni nilikuwa nachoka ghafla. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wasome wenyewe kitabuni, nakaa kwenye kiti, naangalia nje dirishani. Walidhani ni uzee. Wacha wadhani.

Kwetu ni Meru, kwenye mteremko juu ya Mitunguu, mahali pa chai kidogo, kahawa kidogo, na ndizi kila mahali. Baba yangu alikuwa mwenyekiti wa mfereji. Yeye na wenzake wa rika lake waliuchimba kwa majembe uhuru ulipokuwa bado mchanga, kutoka mtoni hadi chini kwenye mashamba, na sijui kama kuna kitu kingine alichokipenda hivyo, sisi watoto wake tukiwemo. Kila boma lilikuwa na zamu yake ya maji. Mtu akichukua maji kwenye zamu ya mwingine, kikao kilikuwa hakiishi.

Lakini kulikuwa na desturi moja iliyokuwa juu ya zamu zote. Boma likipatwa na shida, ugonjwa au msiba au mimea inayonyauka mwenyewe akiwa hospitalini, majirani walifunga matoleo yao yote ya mferejini bila kuambiwa, ili maji yote yaende kwa yule mwenye shida. Hawakuja kukueleza. Uliamka tu asubuhi ukasikia mfereji wako unavuma, ukajua umeachiwa. Nilipokuwa mdogo mama yangu alipolazwa, tuliachiwa maji mpaka viazi vikaoza shambani. Baba alisimama kando ya matope yale akalia, na hakuwa analilia viazi.

Stima ya kawaida ilipita ng'ambo ya bonde, ikatuangalia tu, ikaenda zake. Tukachoka kungoja. Watu wakakubaliana kutengeneza yao, kwa maji yaleyale. Pale juu mfereji unapoporomoka wakatega bomba, chini ya bomba, kando ya mto, wakajenga kibanda cha mabati, ndani wakafunga gurudumu linalosukumwa na maji, na gurudumu likazungusha jenereta. Fundi aliyetoka mjini alitueleza mkutanoni. Akasema, "Wazee wangu, msiogope. Stima ni kama maji tu. Inatoka juu, inapita kwenye waya kama maji kwenye bomba, inaingia kwako."

Watu wakapiga makofi. Maji wanayajua! Nilikuwa nimekuja likizo, nikainua mkono nikasema kwamba si kama maji kabisa, kuna mahali mfano huo unavunjika. Mzee mmoja akaniambia, "Mwarimu, wacha mambo ya darasa. Sisi tunataka taa." Watu wakacheka, nami nikacheka, tukala githeri.

Mtambo ule ulikuja na kifaa cha kuutuliza, lakini radi ya mvua za kwanza ilikipiga kikafa, na kingine hakikununuliwa. Tukabaki na mtu. Alikuwa jirani yetu, mwanamume mpole, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya kanisani, aliyeshinda kibandani akitazama mshale wa mita. Jioni watu wakiwasha taa, jenereta inakuwa nzito, inapunguza mwendo, naye anafungua koki kubwa maji yaongezeke. Wakilala wakazima, jenereta inakuwa nyepesi, inataka kukimbia, naye anafunga. Hivyo tu. Watu walizima mmoja mmoja, kwa hiyo alikuwa na nafasi ya kwenda nao.

Kisha mapafu ya baba yakachoka. Sina neno lingine. Hospitali ya misheni walimweka wodini wiki baada ya wiki, akapungua mpaka nikawa naweza kumgeuza kwa mkono mmoja. Daktari, msichana mdogo mwenye adabu, aliniita kando akasema dawa zimefika mwisho wake. Anachohitaji ni oksijeni, mchana na usiku, maisha yake yote yaliyobaki. Kuna mashine inayovuta hewa ya chumbani na kumpa iliyo safi, na anaweza kukaa nayo nyumbani, ila lazima stima iwepo.

Baba alikuwa amesikia yote. Masikio yake hayakuwa na kasoro. Akanishika mkono akaniambia, "Nipeleke nyumbani. Hapa sisikii maji."

Ndicho kitu pekee alichoniomba maishani. Mfereji unapita nyuma ya chumba chake, na alitaka kufa akiusikia. Nikaomba ruhusa kazini, nikamleta.

Watu wanaosema kumwuguza mzazi ni baraka, sawa, ni baraka, lakini waje wafue yale mashuka. Nilikuwa naamka kabla ya majogoo, nachemsha uji wa wimbi, namlisha kijiko kwa kijiko, namgeuza, namsafisha, napokea wageni, na kila mgeni anataka chai. Ndugu zangu walipiga simu kutoka walikokuwa kuuliza kama wametuma salamu za kutosha. Nilichoka mpaka nikawa nasinzia nimesimama jikoni, mwiko mkononi. Na wakati wote huo mashine inanguruma chumbani, grrr, grrr, nami hata nikisinzia sikio langu liko kwayo. Kando ya kitanda tuliweka mtungi mdogo wa oksijeni, wa dharura. Nilikuwa nautazama kama mtu anavyotazama paa bovu wakati wa mawingu.

Jumamosi moja baba aliamka vibaya. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu, na hakutaka uji. Habari ikazunguka kijiji. Jioni, jua likiwa bado liko, watu wa kanisa wakaanza kuja kumwombea, na niliona wanakuja wengi isivyo kawaida, wote, hata wale wasiokanyaga kanisani. Sebule ikajaa, watu wakasimama hadi uani. Kwaya ilikuja na tai zake. Mtunza mtambo naye akaja na tai yake, akaniambia ameuacha mshale umetulia na atarudi baada ya wimbo wa pili. Sikufikiria. Nilikuwa natafuta vikombe.

Jirani yetu wa karibu, mama mjane, ndiye aliyekuwa mbele. Yule mama hakuwa na mchezo. Taa yake moja aliiwasha kula tu, akaizima kabla hajamaliza kutafuna. Watoto wa watu wakiacha taa inawaka bure alikuwa anaingia bila hodi na kuizima. Siku ile alinishika mabega mlangoni, macho yanang'aa, akaniambia, "Usijali, mwanangu. Leo mzee atapumua vizuri. Tumewaachia."

"Mmetuachia nini, Mama?"

"Utaona tu," akasema, akaingia kwenye maombi.

Wakaimba. Nikaenda jikoni kuchukua chupa za chai. Niliporudi nilisimama mlangoni na sinia, na jambo la kwanza nililoona ni nyuso. Watu walikuwa wamefumbua macho katikati ya maombi, wanatazama juu. Balbu ya sebuleni, ambayo siku zote ilikuwa na mwanga wa manjano wa uvivu, ilikuwa inang'aa, na inaendelea kung'aa, nyeupe, nyeupe zaidi. Mtu akasema, "Asifiwe!" Wengine wakaitikia. Mchungaji akainua sauti. Mzee mmoja akaanza kulia, anasema ni ishara, Bwana ameingia humu ndani.

Mimi nilisikia mashine. Ule mngurumo wake ulikuwa umepanda ukawa kilio chembamba.

Na hapo ndipo nikaelewa wametuachia nini. Yule mama alikuwa amepita boma kwa boma mchana kutwa akiwaambia kwamba giza likiingia watoto waliobaki nyumbani wazime kila kitu, taa, redio, pasi, friji ya dukani, ili stima yote iende kwa mzee. Walikuwa wamefunga matoleo yao. Kama maji.

Sinia ilianguka. "Washeni taa!" nikapiga kelele. "Kimbieni nyumbani mwashe taa! Washeni kila kitu!" Wakanitazama kwa huruma. Walidhani uchovu umenipanda kichwani. Ni mtunza mtambo peke yake aliyeelewa, nikamwona rangi inamtoka, akatoka mbio na tai yake, lakini kibanda kiko mbali na mlima ni mlima. Balbu ikapasuka. Kifaa kidogo tulichouziwa mjini cha kuilinda mashine kikalia pu, halafu mashine ya baba ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza.

Katika ule ukimya tulisikia mfereji.

"Lakini tumewaachia yote," yule mama akasema gizani, sauti ndogo. "Yote kabisa."

Nilimjibu vibaya. Niliwajibu wote vibaya, kwa Kimeru, maneno ambayo mwalimu hayasemi mbele ya mchungaji, na mpaka leo sijisikii kuyarudisha. Kisha nikafungua mtungi wa dharura, na vijana wakambeba baba na godoro lake hadi kwenye pikapu ya mchuuzi wa ndizi. Njia nzima hadi hospitalini nilikaa nyuma naye kwenye majani makavu ya migomba, nimeshika kile kimpira cha oksijeni kisichomoke puani.

Aliishi. Lakini alirudi wodini, kitanda kilekile cha ukutani, akageuza uso akaacha kuzungumza. Daktari akasema wanaweza kutuazima mashine nyingine, moja tu, na ikiungua hakuna nyingine, na kwa hiyo yeye binafsi asingeshauri. Nikampelekea baba maneno hayo. Akasema, "Waeleze watu. Wewe si ni mwalimu?"

Waeleze! Nilikuwa nimechoka kueleza. Lakini nilipanda nyumbani, nikawaita watu uani, na nikaitoa stoo baiskeli nyeusi ya baba, ile aliyokuwa akiendea vikao vya mfereji nikiwa mtoto. Ilikuwa bado na dainamo yake ya kugusa tairi. Ndani ya dainamo kuna sumaku na koili, kama kule kibandani, ila ndogo ya kutosha kushikwa mkononi. Nikaipindua baiskeli magurudumu juu, nikaomba mtu ajitolee. Hakuna aliyesogea. Walikuwa bado wananiogopa. Mwishowe yule mama mjane akaja, akafunga leso vizuri kiunoni, akashika pedali.

Nikachomoa waya wa taa. "Zungusha, Mama." Akazungusha. Gurudumu likaenda bila shida, likavuma, likaendelea hata alipoachia. "Sasa ngoja." Nikaunga waya. "Zungusha." Taa ikawaka, na mkono wake ukapunguza mwendo wenyewe. Akakaza meno.

"Imekuwa nzito," akasema.

"Nani ameifanya nzito? Gurudumu ni lile lile."

Akaitazama ile taa. Akazungusha tena. Nikachomoa waya ghafla, na pedali ikamponyoka ikamgonga kidole. "Uui!" Watu wakacheka, mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Yeye hakucheka.

"Kumbe taa ndiyo inaishika," akasema.

"Ndiyo hiyo. Koili ikitoa umeme, sumaku inaivuta nyuma, inaikatalia. Kila taa ya kila boma iko pale mtoni inashikilia lile gurudumu. Mkiziachia zote pamoja, linakimbia kama wazimu, na hasira yake yote inakuja kwa yule aliyebaki."

Akashika pedali tena. "Kwa hivyo nikitaka mzee apumue, nisizime."

"Usizime, Mama."

"Hata mchana?"

"Hata mchana."

Nilijua ninachomwomba. Ilikuwa kama kumwomba amwage maziwa chini kila asubuhi. Lakini wakakubaliana hapohapo, kama walivyokuwa wanakubaliana kuhusu maji: kila boma taa zake ziwake usiku na mchana, hakuna kugusa swichi bila kumpa habari mtunza mtambo, naye asitoke kibandani hata kwa wimbo. Nikamleta baba.

Siku zile ukisimama uani kwetu saa sita mchana, jua limewaka la kupasua kichwa, ulikuwa unaona mteremko mzima una taa. Kwenye veranda, jikoni, zizini kwa ng'ombe, dukani. Wageni waliopita njia walituuliza kama tuna sherehe. Nilimweka baba dirishani akaona. Akacheka mpaka akakohoa, nikamkaripia.

"Unakumbuka ile baiskeli?" akaniambia alipopata pumzi. "Nikirudi kutoka kikaoni, nikiwasha taa kwenye mlima, niliona kama taa inakunywa miguu yangu."

"Ilikuwa inainywa kweli, baba."

"Nilikuwa nachukia," akasema. "Lakini bila hiyo ningeanguka mtaroni."

Akalala, mashine inanguruma upande huu, mfereji upande ule. Nilikaa kitini nikamtazama. Nilikuwa nimechoka kuliko siku zote za maisha yangu, kila mtu ananivuta, huyu uji, huyu chai, huyu simu, na hofu iliyonishika siku ile haikuwa ya uchovu. Niliogopa siku ambayo hakuna mtu atakayenivuta.

Ilikuja upesi. Nilikuwa namenya ndizi mlangoni pake, mchana, baada ya chakula. Hakuita. Niliinua kichwa tu nikaona kifua hakipandi. Mashine iliendelea kunguruma, inampelekea hewa safi kabisa, na yeye hana haja nayo. Nikaosha mikono. Nikamfunga macho. Nilitaka kulia lakini kilio hakikuja, nikabaki nimeshika lile bakuli la ndizi kama mpumbavu.

Kisha nikawaza kuhusu taa. Mtu mmoja akisikia, atamwambia mwenzake, watazima nyumba kwa nyumba au wote kwa pamoja, na taa za wengine ziungue. Sikuichomoa mashine. Nilifunga mlango nikateremka mtoni mwenyewe. Mtunza mtambo aliniona nikija, akasimama. Alivua kofia.

"Nikifunga, watajua wote," akasema.

"Funga."

Akazungusha ile koki polepole, kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyofunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Mshale ukashuka. Gurudumu likaendelea kidogo kwa mwendo wake wenyewe, halafu likasimama, na maji yakarudi mferejini yote. Niliweka kiganja kwenye jenereta. Ilikuwa na joto bado.

Nilipopanda, watu walikuwa wametoka wamesimama kando ya njia, mbele ya nyumba zao zisizo na taa. Wanaume walivua kofia. Hakuna aliyesema neno, na niliwashukuru kwa hilo kuliko kwa maombi yote.

Mlango wa mama mjane ulikuwa umefungwa. Nilibisha, sikujibiwa, nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chini ya swichi. Majuma yote yale, nilikuja kuambiwa, ndipo alipokuwa anakaa, anasukia vikapu hapo, anakula hapo, ili mtu yeyote asije akaizima kwa mazoea. Mkono wake ulikuwa juu, umeikandamiza ile swichi kwa nguvu mpaka kucha zimekuwa nyeupe, na balbu juu yake imekufa.

Aliponiona aliionyesha ile swichi kwa kidevu.

"Mwalimu, angalia," akasema. "Angalia mwenyewe. Iko chini. Bado nimewasha. Si mimi nimezima, mwanangu. Haki ya Mungu, si mimi."

Nikapiga magoti mbele yake. "Najua, Mama. Si wewe. Ni maji tumeyafunga."

Lakini hakuachia. Ilibidi nimtoe vidole pale mwenyewe, kimoja kimoja, na hapo ndipo kilio changu kikaja.